Magurudumu ya Mbele Hayakuvuta

Udongo mweusi wa Ndhiwa ukinyeshewa mara ya kwanza, usikanyage breki. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mtaacha kusoma katikati, na nataka angalau muende nalo. Mvua ya kwanza ni mbaya kuliko mvua ya mwezi mzima. Mvua ya mwezi mzima imeshafanya tope lenye kina, gurudumu linazama mpaka linapata kitu cha kushika. Ile ya kwanza inapaka barabara juu juu tu, kama mtu amepaka kikaango mafuta, na chini bado ni pagumu. Hapo gari haiendi, inaogelea. Ukikanyaga breki umeiambia iende inakotaka yenyewe.

Mimi ni Rispa Aloo, nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, niliyeolewa upande wa Ndhiwa. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Lakini niliendesha landrova ya misheni miaka kumi na minne, na majina ya watu sisahau. Niulizeni nani alisukuma gari siku gani, nitawatajia mpaka jina la mbwa aliyekuwa naye.

Wajukuu wangu, Krismasi mlikuja hapa na gari mpya mkaniambia, Dani, hii inavuta magurudumu yote manne yenyewe, hata hujui imeanza saa ngapi. Mkaenda kuichezea kwenye shamba lililolimwa, mkicheka inavyorusha matope na kugeuza mkia. Mkasema Dani amenuna. Sikununa. Nilikuwa namfikiria mtu aliyeitwa Mikal, aliyekufa miaka ile ya sitini kwa sababu magurudumu ya mbele hayakuvuta. Mimi nilijua hayavuti. Nilikuwa ndani ya gari hiyo, nilijua, na nilinyamaza. Nitawaambia yote, lakini kwanza mjue gari yenyewe ilivyokuwa, msije mkanionea huruma bure.

Landrova yetu ilikuwa na vijiti viwili vidogo karibu na gia. Kimoja kichwa cha manjano, kingine chekundu. Cha manjano ukikisukuma chini, nguvu inakwenda na mbele. Chekundu ukikivuta nyuma, gari inapata nguvu ya ng'ombe na mwendo wa kobe. Lakini hiyo haikutosha. Katikati ya kila gurudumu la mbele kulikuwa na kifungo cha chuma, kipana kama kifuniko cha chupa ya chai, na hicho hakizungushwi ukiwa umekaa. Lazima ushuke, uiname, ukizungushe kwa mkono, kulia na kushoto. Barabara ikiwa kavu unavifungua, ili magurudumu ya mbele yajiendee tu, petroli isiliwe bure. Ikinyesha unavifunga. Usipovifunga unaweza kusukuma vijiti vyako mpaka jioni. Huko chini vyuma vinazunguka, gurudumu lenyewe halina habari.

Aliyenifundisha ni Sista Gertruda, mkuu wa wodi ya wazazi. Mimi nilikuwa mfuaji wa shuka za wodi hiyo. Sista alitaka kuwe na mwanamke mmoja anayejua kuendesha, kwa sababu mama akishikwa na uchungu huko kijijini, hakupenda achukuliwe na mwanamume peke yake. Alitoka nchi ya milima ambako, alisema, miezi mitano kwa mwaka barabara inafunikwa na theluji, na theluji ikikanyagwa inageuka barafu. Mimi barafu sikuijua. Akanipeleka kwenye friji ya dawa, ile ya mafuta ya taa, akakwangua ile nyeupe ya juu akaniwekea kiganjani. Akasema, "Sasa fikiria hii ndiyo barabara kutoka hapa mpaka Homa Bay." Nikamuuliza kama hiyo ndiyo sababu walihama. Alicheka mpaka akakaa chini.

Baba yake alikuwa akipeleka maziwa kwa gari kwenye milima hiyo, na yote aliyomfundisha juu ya barafu, Sista alinipa mimi juu ya tope. Alisema tope letu na barafu yao ni ndugu wa tumbo moja. Tulijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, siku za mvua tu. Siku ya jua alikataa, akisema jua halifundishi mtu. Alinifanya niteleze makusudi. Mkia wa gari ukienda kulia, geuza usukani kulia, taratibu, kama unamgeuza mtoto aliyelala. Mguu wa mafuta uwe mmoja, usipande wala kushuka. Ukitaka kupunguza mwendo, shusha gia, breki iache. Na macho yaangalie unakotaka kwenda, maana ukilitazama shimo utakwenda shimoni, mikono inafuata macho. Hilo lilinichukua wiki mbili. Katika wiki hizo niliangusha goli moja, la upande wa kanisa, na watoto wa shule wakacheza muhula mzima na mawe mawili.

Kwao magurudumu yanavalishwa minyororo. Tuliiagiza, haikuja. Ndipo nilipofikiria minyororo ya plau. Siku nilipokwenda kumtembelea dada yangu aliyeolewa Kuria, nilipitia soko la Kegonga kwa mtu mmoja aliyeitwa Mwita, muuzaji wa vyombo vya kulimia. Akaniuliza nina ng'ombe jozi ngapi. Nikamwambia sina ng'ombe, nina gari. Akanitazama kwa huruma, akasema basi hiyo ni ng'ombe mbaya, niiuze kabla haijaniua. Lakini minyororo yake ilikuwa mizuri. Unapitisha vipande vifupi kwenye matundu ya rimu, unazungusha juu ya tairi, unafunga kwa waya mnene, vipande vinne kila gurudumu. Ukienda mbio inakatika na kupiga bodi kama mtu anayepiga bati, lakini ukienda pole unapanda kilima ambacho hata punda amekataa.

Na siku zingine hata minyororo haitoshi, unataka watu. Jumamosi moja tulikwama mbele ya nyumba ya mwalimu Naftali, Msabato, na yeye alikuwa anatoka kanisani, suti, Biblia, mwavuli. Nikamwomba asukume. Akasema dada, kusukuma gari ni kazi, na leo hatufanyi kazi. Nikamwambia mwalimu, si imeandikwa ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa. Akasema ndiyo, lakini ng'ombe anakula majani. Tukabishana hivyo, mimi nikiwa usukanini na yeye chini ya mwavuli, mpaka mama aliyekuwa nyuma na uchungu akapiga kelele moja ndefu. Naftali aliweka Biblia juu ya uzio, akavua viatu, akavua na koti, akasukuma vizuri kuliko vijana. Tulipotoka aliniambia nisimtaje kwa mchungaji. Ameshalala siku nyingi, kwa hiyo nimemtaja.

Nacheka, lakini sasa nifike pale.

Dereva mwenyewe wa misheni, yule aliyeajiriwa na kupewa yunifomu, alikuwa baba mkwe wangu. Jina lake nalijua kama ninavyolijua langu, lakini siliandiki. Mkaza mwana hatamki jina la baba wa mume wake, na kumbe hata kwa kalamu mkono unakataa. Wakati huo hatukukaa naye kiti kimoja, hatukumpa mkono, hatukupita mbele yake akiwa amekaa. Kumsahihisha mbele ya watu ndiyo usiseme. Mwanamke aliyefanya hivyo alirudishwa kwao akalete mbuzi wa kuomba msamaha, na mbuzi akiliwa maneno yalibaki.

Alikuwa dereva mzuri, sitamnyima. Alijifunza kwenye malori ya vita, nchi za mchanga. Kwenye kavu hakuna aliyemfikia. Tope ndilo hakulipenda, na zaidi hakupenda kushuka ndani yake. Mtu wa yunifomu kuinama mbele ya gurudumu na kushika matope, aliona ni kama kuoga sokoni. Halafu mimi nikaanza kuendesha. Watu wa Ndhiwa wana midomo. Walimwambia sokoni, mzee, mwache mkaza mwana akupeleke, wewe shika mtoto. Jioni akamwambia mama mkwe, mimi nikisikia, kwa sababu mimi hakuniambia moja kwa moja, "Mwambie huyo kazi yake ni shuka."

Mikal alikuwa rafiki yangu. Tuliolewa mwaka mmoja, boma lao na letu yalitenganishwa na shamba la mtama. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mume wake akiitwa Okumu, fundi wa milango. Mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Mvua ndefu zilikuwa zinaanza. Asubuhi moja Okumu alimleta misheni, na nesi wa zamu alipomwangalia akasema damu imetangulia mtoto, hapa hawezi, apelekwe Homa Bay mara moja. Sista Gertruda alikuwa Kisumu kuchukua dawa. Ufunguo ulikuwa kwa baba mkwe.

Mimi niliambiwa nikae nyuma nimshike mgonjwa. Okumu alikaa mbele, kwa sababu mwanamume hakai kwenye mambo ya uzazi. Mzee alikuwa amevaa kaki iliyopigwa pasi na viatu vya kahawia, vipya. Tulitoka kukiwa kukavu, mawingu upande wa ziwa.

Kulikuwa na mstari wa mkonge, mpaka wa shamba la mtu, mahali changarawe inakwisha na udongo mweusi unaanza. Sista alikuwa ametuwekea sheria, mimi na mzee wote wawili: kukiwa na mvua, hapo kwenye mkonge dereva anasimama, anashuka, anafunga vifungo. Matone yalianza kabla hatujafika. Tulipofika nilisikia mguu wa mzee umepungua kwenye mafuta. Nikasema moyoni, vizuri. Halafu nikasikia kijiti cha manjano kimesukumwa, tak, na gari ikaendelea. Hakushuka.

Nilijua papo hapo. Hata nisingeona ningejua, kwa sababu mkia wa gari ulianza kutafuta njia yake mwenyewe. Magurudumu mawili ya nyuma yanasukuma, ya mbele yamelala. Neno lilikuwa dogo: Baba, vifungo. Maneno mawili tu. Nikasema atakumbuka kwenye daraja. Daraja likapita. Nikasema atasimama pale kwa muuza chumvi. Pakapita. Kila mahali nilipopanga kusema nilimwona Okumu kule mbele, nikaona nitakavyomvunjia mzee heshima mbele ya mtu wa kijiji, na sokoni watakavyocheka, na nyumbani nitakavyolala. Nikameza.

Mikal akanishika mkono. Akasema, "Rispa, mbona unatetemeka wewe, na mimi ndiye ninayezaa?"

Nikamwambia ni baridi.

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Rodi mkia ulienda kushoto, na mzee akakanyaga breki. Gari ilizunguka polepole, polepole kabisa, ungeweza kusali sala nzima, ikashuka mtaroni kinyumenyume na kukaa kwa tumbo. Magurudumu ya nyuma yalining'inia yakizunguka kwenye maji. Okumu aliruka akakimbia kutafuta ng'ombe wa kuvuta. Mzee alishuka. Viatu vile vikazama mpaka kwenye vifundo, basi hata hivyo havikupona. Mimi nikashuka nikafunga vifungo, kulia na kushoto. Gari ikiwa imekaa tumbo ni kazi bure, lakini mikono ilitaka kufanya kitu.

Mtoto alizaliwa pale, mvua ikipiga turubai. Mikal akauliza ni nini. Nikamwambia msichana. Akasema, "Basi ni Akoth," kwa sababu kwetu aliyezaliwa kwenye mvua ndivyo anavyoitwa. Damu haikusimama. Nilitumia shuka zote, zile nilizofua mwenyewe jana yake. Okumu aliporudi na ng'ombe jozi tatu, na wanaume wa hapo, Odero, na Ochola, na ndugu wawili Obuya na Ayieko, Mikal alikuwa ameshaacha kuniuliza maswali.

Ng'ombe walitutoa. Mzee akaniwekea ufunguo juu ya kiti, hakunipa mkononi, akasema atatembea. Nikaendesha mimi, mtoto kwenye mapaja ya Okumu. Na hapa ndipo ninapopachukia: gari ilienda vizuri. Tope ni lile lile, mvua ni ile ile, imezidi hata. Vifungo vimefungwa, magurudumu manne yanavuta, gia ya pili, mguu mmoja. Tulifika Homa Bay hatujateleza hata upana wa mkono.

Misheni waliuliza. Mzee akasema barabara ilikuwa mbaya. Wakaniuliza mimi, nikasema ndiyo, ilikuwa mbaya. Sista Gertruda alirudi, akaizunguka gari, akaviangalia vifungo. Akaniuliza vilifungwa wapi. Nikasema kwenye mkonge. Akaenda zake, na tangu siku hiyo hakunichekea tena kama zamani. Mzee akahamishiwa lango kuu kwa heshima zote, na mimi nikapewa gari. Watu wa Ndhiwa wakasema nimestahili, kwa sababu nilimwokoa mtoto mtaroni.

Miaka baadaye mzee aliugua, nikampeleka Homa Bay mimi mwenyewe. Alikaa nyuma, mimi mbele. Mvua ilikuwepo. Kwenye mkonge nikasimama, nikashuka, nikafunga. Nilipopanda alizungumza, na ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo bila kupitia mtu.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Mimi pia nilikumbuka," akasema. "Nilikuwa na viatu vipya."

Nikamuuliza ningesema, angesikia? Akasema hapana, angenishusha hapo hapo, ningerudi kwa miguu. Nilifarijika kwa jibu hilo. Miaka mingi lilikuwa ndilo mto wa kulalia: hata ningesema, hakuna ambacho kingebadilika.

Akoth alikua. Alilelewa na bibi yake, lakini mimi ananiita Mama. Amezaa, ameuza samaki, amejenga. Kila mwaka huniletea sukari na leso, na anawaambia watoto wake huyu ndiye aliyenipokea. Okumu alinishukuru mpaka alipokufa, na kila aliponishukuru niliangalia chini, wakadhani ni adabu.

Basi mlipoondoka na gari yenu baada ya Krismasi, Akoth alikuja. Aliona shamba limevurugwa na magurudumu akauliza kulikuwa na nini. Nikamweleza juu ya gari inayovuta yote manne yenyewe. Sijui, mdomo ukaendelea. Nikamwambia yote, mkonge, vifungo, viatu, na kwamba nilijua. Nilipomaliza nikaongeza ule mto wangu, kwamba hata ningesema, mzee asingesikia, angenishusha.

Akauliza, "Aliyekaa mbele na mzee alikuwa nani?"

"Baba yako."

"Na kufunga hivyo vifungo, ni kazi ya dereva? Lazima ujue gari?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata mtoto anaweza. Kwa vidole viwili."

"Kwa hiyo baba angeshuka akafunga."

Wajukuu, nimekaa na jambo hilo tangu nikiwa msichana mwenye nguvu, nimeligeuza kila upande, na sikuwahi kuliona hilo. Miaka yote nilikuwa napima neno langu kwa masikio ya mzee, kama vile ndani ya gari kulikuwa na masikio yake tu. Okumu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa hana viatu. Mke wake alikuwa nyuma yake anavuja damu. Angelisikia neno "vifungo" angeruka gari ikitembea.

Nilimwambia Akoth, "Ndiyo. Angefunga."

Chai ilikuwa imeiva. Alifunga leso yake vizuri, akasema watoto wako peke yao nyumbani, ijapokuwa watoto wake ni watu wazima wenye ndevu. Hajarudi. Sijamtuma mtu kumwita, kwa sababu sijui huyo mtu ningempa maneno gani.

Nyinyi mmesema mtanifundisha kuendesha hiyo gari yenu ya kujivuta yenyewe. Asanteni, sitaki. Lakini mkiwa nyuma na mkasikia mkia unatafuta njia, semeni. Semeni kwa sauti, hata kama usukanini ameketi baba mkwe wa mtu. Msipime neno lenu kwa masikio ya dereva. Hamjui ni nani mwingine ndani ya gari anayengoja kusikia.